Istilahi za Mwendo wa Siku Moja: Urithi wa Njia ya Misafara ya Tabora

Mtu anapotafsiri kwa Kiswahili mwongozo wa kupanda vilima kwa miguu, hukutana na taabu ambayo mwanzoni haionekani kuwa taabu. Maneno yote yaliyomo ni ya kawaida: njia, saa, kilima, maji, kiongozi, kurudi. Hakuna hata moja linalomlazimu kufungua kamusi. Lakini tafsiri ikishakamilika na kupewa mwalimu wa skauti au ofisa wa utalii ili aitumie, huonekana kwamba maagizo yake yanaweza kueleweka kwa namna mbili, na pengine namna moja kati ya hizo mbili ni ya kumfikisha mtu pabaya. Katika taaluma nyingine istilahi yenye utata huleta usumbufu wa kusoma. Katika mwendo wa porini huweza kuleta kiu, kuchelewa gizani, au kupotea.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kupanga mwendo wa siku moja. Maneno hayo yalikwisha kuundwa na kutumiwa kwa miaka mingi katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, na kutoka hapo ikagawanyika kuelekea Ujiji, Karagwe na nchi za kusini-magharibi. Kazi iliyobaki ni ya kuchagua: ni yapi kati ya maneno hayo yanafaa kutumiwa tena kama yalivyo, ni yapi yamebadilika maana hata hayafai tena, na ni wapi hapana budi tuongeze neno jipya.

Tabora na lugha ya njia

Tabora, mahali ambapo wageni wa karne ya 19 walipataja kwa majina ya Kaze na Unyanyembe, palikuwa njia panda ya bara. Richard Burton na John Speke walifika hapo tarehe 7 Novemba 1857, baada ya kuondoka pwani mwezi Juni wa mwaka huo. Henry Stanley alifika mwaka 1871, na mwaka uliofuata yeye na David Livingstone walikaa pamoja katika tembe la Kwihara, kilomita chache kusini-magharibi mwa mji wa leo. Wageni hao waliandika vitabu, na kwa sababu hiyo majina yao hutajwa kwanza. Lakini waliopanga mwendo wa kila siku, waliojua kisima kiko wapi na mbuga ipi haipitiki wakati wa masika, walikuwa Wanyamwezi na Waswahili waliokuwa wakiifanya kazi hiyo kabla ya wageni kufika. Ndio walioifanya lugha ya njia.

Ushahidi mkubwa wa ujuzi huo ni safari ya Susi, Chuma na wenzao. Livingstone alipofariki mwezi Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ndani ya nchi ambayo leo ni Zambia, wao ndio waliokata shauri kuuchukua mwili wake mpaka pwani. Walipita Kwihara mwishoni mwa mwaka huo, wakafika Bagamoyo mwezi Februari 1874. Mpaka walipofika Kwihara hapakuwa na bwana wa kuwapangia vituo wala wa kuwaambia wapi wazunguke. Sehemu hiyo ya safari iliendeshwa kwa maarifa yao wenyewe.

Yafaa pia isemwe wazi kwamba njia hiyo haikuwa ya heri peke yake. Pamoja na Wanyamwezi waliobeba mizigo kwa ujira, walipita humo watu waliofungwa minyororo. Tanzania ilipoiorodhesha njia hii mwaka 2006 katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, iliitaja kuwa ni njia ya watumwa na pembe za ndovu. Kwa hiyo mwenye kurithi maneno yake ayapokee huku akijua yalikotoka, wala asiyapambe.

Istilahi hufuata hatari ya nchi

Miongozo mingi ya mwendo wa vilimani inayotufikia iliandikwa katika nchi za baridi. Tuchukue mfano wa visiwa vya magharibi mwa Scotland. Mtu anayekusudia kupanda kilima katika kisiwa cha mbali huko huogopa ukungu unaofunika kilele ghafla, upepo, mvua na baridi inayoua polepole. Huuliza chombo cha mwisho cha kurudi bara kinaondoka saa ngapi. Hujua kwamba mwezi wa Juni mchana ni mrefu wa karibu saa 18, na kwamba mwezi wa Desemba haufiki saa 7. Mwongozo wa huko hurudia mambo hayo: nguo kavu, dira, chombo, mwanga. Maji hutajwa kwa ufupi, kwa kuwa vijito viko kila upande.

Ukoo wa Livingstone mwenyewe ulitoka katika kisiwa cha namna hiyo, kiitwacho Ulva. Babu yake alihama huko kwenda bara. Lakini mjukuu alipokaa Kwihara mwaka 1872, hesabu za njia zilizomzunguka zilikuwa nyingine kabisa. Katika Unyamwezi mtu huogopa jua na kukosa maji. Huogopa msitu wa miombo, ambao mti mmoja hufanana na mwingine kiasi kwamba mtu asiyekuwa na alama hawezi kujua alikopita. Huogopa mbuga, yaani ile nchi tambarare ya udongo mweusi ambayo wakati wa kiangazi hupasuka nyufa na wakati wa masika hugeuka tope la kuzamisha miguu. Mchana wa Tabora hautofautiani sana kati ya mwezi na mwezi. Tofauti ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa ni takriban nusu saa.

Mfasiri akihamisha maneno ya mwongozo wa kwanza bila ya kutazama nchi, atamwonya Mtanzania dhidi ya hatari isiyokuwapo na kumnyamazia ile iliyopo. Kwa sababu hiyo tunapendekeza kanuni ya kwanza: katika matini za usalama wa njiani, kinachotafsiriwa ni kazi ya agizo. Palipoandikwa kwamba mtembezi asiondoke bila ya nguo ya akiba, kazi ya agizo hilo ni kumtaka aende na kile ambacho nchi itamnyima. Kwetu hicho ni maji.

Kituo, mwendo na terekeza

Msafara ulipimwa kwa vituo. Kituo kilikuwa mahali pa kutua mzigo, na mahali pa kutua mzigo palichaguliwa kwa sababu ya maji na chakula. Umbali kati ya kituo na kituo uliitwa mwendo. Watu waliondoka alfajiri, wakatembea kwa muda wa saa nne hadi sita, wakatua kabla jua halijawa kali. Leo neno kituo limepata kazi nyingi: kituo cha basi, kituo cha afya, kituo cha polisi. Hata hivyo maana yake ya asili haikupotea, nasi tunaona kwamba lingali linafaa kwa mahali palipopangwa pa kusimama katika mwendo wa miguu. Mahali pa kupumua kidogo tu, ambapo hapakupangwa, tupaite pumziko.

Palikuwa na sehemu ambazo maji na maji yalitengana kwa umbali uliozidi mwendo mmoja. Iliyoogopwa kuliko zote upande wa mashariki mwa Tabora ni Mgunda Mkali, pori kubwa lililokuwa kati ya Ugogo na Tura, ambako ndiko mlango wa Unyamwezi. Kwa sehemu kama hizo misafara ilikuwa na mbinu yake, na mbinu hiyo ilikuwa na jina lake. Burton aliliandika tirikeza, na Stanley terekeza. Watu walipika na kula kituoni, wakajaza vibuyu, wakaondoka mchana jua likianza kupunguza ukali. Walitembea mpaka jioni, wakalala pakavu, wakaondoka tena alfajiri na kuyafikia maji kabla ya adhuhuri. Kwa namna hiyo umbali wa siku mbili ulivukwa kwa usiku mmoja tu bila maji, na saa za jua kali zaidi zilikwepwa upande huu na upande huu.

Neno hili lina uzuri wake, tena ni fupi na lina maana moja. Je, lirudishwe? Hapa tunashauri tahadhari. Kiswahili cha leo kina kitenzi telekeza, chenye maana ya kumwacha mtu au kitu bila matunzo. Wapo wasemaji wengi, hasa wale ambao lugha zao za kwanza hazitenganishi r na l, watakaotamka maneno hayo mawili sawasawa. Fikiria kiongozi anayewaambia wanafunzi kwamba kesho kikundi kitaterekeza, nao wakasikia kwamba kikundi kitatelekezwa. Istilahi ya usalama haifai kutegemea sauti moja. Tunapendekeza terekeza ibaki katika matini za historia, ielezwe vizuri kila itumikapo mara ya kwanza. Na katika miongozo ya leo litumike fungu la maneno mwendo wa kulala pakavu. Ni refu kidogo, lakini hata asiyepata kulisikia atalielewa.

Watu wa njiani

Mbele ya msafara alikwenda kirangozi. Yeye ndiye aliyeijua njia, aliyebeba bendera, na aliyeamua mwendo uwe wa haraka au wa polepole. Njia zilipogawanyika aliiziba ile isiyofaa kwa tawi la mti au kwa mstari aliouchora chini kwa mguu, ili walioko nyuma wasipotee. Mwenye msafara, yaani tajiri wa mali, alikuwa mtu mwingine. Huyu aliamua safari iende wapi. Kirangozi aliamua ipite wapi.

Miongozo ya leo huwaita wote wawili kiongozi. Hapo ndipo agizo la kumtii kiongozi linapokosa maana thabiti. Mwalimu aliyewaleta wanafunzi ni kiongozi, na mwenyeji wa Kwihara anayewapitisha kilimani ni kiongozi pia. Mmoja akitaka kikundi kiendelee na mwingine akitaka kirudi, nani atiiwe? Tunapendekeza kirangozi lirudishwe kwa maana ya mtu aijuaye na aionyeshaye njia, na mkuu wa kikundi litumike kwa yule mwenye dhamana juu ya watu. Anayekwenda nyuma ya wote kuhakikisha hakuna anayebaki aitwe mfunga msafara. Matumizi ya kufunga msafara tunayo tayari katika usemi wa kawaida.

Mpagazi ni neno ambalo halikuhitaji kurudishwa, kwa maana halikuondoka. Katika Mlima Kilimanjaro lingali ni jina la kazi. Mpagazi wa njia ya Tabora aliweza kubeba mpaka frasila mbili, yaani karibu kilo 32, mbali na chakula na vyombo vyake; mizigo mizito zaidi ilifungwa mtini ikabebwa na watu wawili. Kikomo cha mzigo kilichowekwa kwa wapagazi wa Kilimanjaro katika miaka yetu ni kilo 20. Mfasiri asilibadili neno hili kuwa mchukuzi au mbebaji kwa kudhani kwamba ni la dharau. Lilikuwa jina la watu wenye ujuzi walioweza kupatana ujira na kukataa mzigo uliozidi.

Mnyapara, kwa upande mwingine, alikuwa msimamizi wa kundi la wapagazi. Neno hili limehamia magerezani na kwenye kazi za shuruti, na leo haliwezi kumpendeza mtu yeyote katika mwendo wa hiari. Tuliache katika historia.

Maneno mawili yaliyogeuka

Hongo ni mfano wa wazi wa neno lililogeuka. Katika karne ya 19, hongo ilikuwa malipo yaliyotolewa kwa watawala wa nchi ambazo msafara ulipita, hasa Ugogo, kwa ajili ya ruhusa ya kupita na kutumia maji. Yalijadiliwa hadharani na kulipwa hadharani, kwa nguo na shanga na waya. Leo hongo ni rushwa. Mfasiri wa kitabu cha historia anayeandika tu kwamba watemi wa Ugogo walidai hongo, bila ya maelezo, huwageuza watawala waliokuwa wakitoza ushuru katika nchi yao kuwa wala rushwa. Kosa hilo si la lugha peke yake, ni la haki pia. Katika matini za historia aongeze maelezo au atumie ushuru wa kupita. Katika matini za leo, malipo ya kuingia hifadhini au makumbusho yaitwe kiingilio au ada.

Neno la pili ni mtoro. Mpagazi aliyeacha mzigo na kukimbia alikuwa mtoro, na kutoroka lilikuwa kosa kubwa lililoadhibiwa vikali. Katika miongozo ya vilimani kuna dhana ya njia fupi na salama ambayo watembezi huichagua kabla ya kuondoka, ili waishike endapo hali ya hewa au afya ya mmoja wao itaharibika. Tumewahi kuiona ikitafsiriwa njia ya kutorokea. Tafsiri hiyo ina hatari yake. Kijana anayeambiwa kwamba akichoka ashike njia ya kutorokea ataona haya kuishika, kwa kuwa kutoroka ni aibu. Naye atajikaza mpaka aanguke. Tunapendekeza njia ya kuponea. Anayepona hana wa kumlaumu.

Mfano mzuri wa kuzunguka bila aibu tunao katika historia ya Tabora yenyewe. Mwaka 1871 vita kati ya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe vilifunga njia ya moja kwa moja ya kwenda Ujiji. Stanley aliondoka Kwihara mwezi Septemba, akashika njia ya kusini kupitia Ugunda na Ukonongo, kisha akapanda kaskazini mpaka ziwani. Njia ilikuwa ndefu zaidi, lakini msafara ulifika.

Vipimo vitatu na saa mbili

Tufike sasa kwenye hesabu, ambako tafsiri nyingi huharibika. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ya kukadiria muda wa kupanda vilima, nayo inatumika mpaka leo. Kwa vipimo vya mita husemwa hivi: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, kisha ongeza dakika 30 kwa kila mita 300 za kupanda. Mita hizo 300 ni zipi? Msomaji anaweza kudhani ni mita 300 za njia yenye mlima. Anaweza pia kudhani ni kimo cha kilima kilichoandikwa ramanini. Zote mbili si sahihi.

Mji wa Tabora uko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Tuseme ramani inaonyesha kilima chenye tarakimu 1,350 kileleni. Mtu akiichukua tarakimu hiyo kuwa ndiyo ya kupanda, ataongeza dakika 135 katika hesabu yake. Kwa kweli atapanda mita 150 tu, nazo zinahitaji dakika 15. Ili kuondoa utata huo tunapendekeza maneno matatu yasichanganywe kamwe. Mwinuko ni umbali wa mahali kutoka usawa wa bahari. Kimo cha kupanda ni tofauti kati ya mwinuko wa mahali pa kuanzia na ule wa kileleni. Urefu wa njia ni umbali anaoutembea mtu ardhini.

Neno saa nalo lina utata wake. Saa tatu ni muda, na saa tatu ni wakati wa siku. Agizo kwamba kikundi kirudi saa tatu haliwezi kueleweka bila maelezo. Wasemaji wa mitaani wamejitafutia dawa kwa kusema masaa wanapokusudia muda, matumizi ambayo Kiswahili sanifu hakiyakubali. Kukataza bila kutoa badala hakufai, hasa pale ambapo anayekatazwa alikuwa na sababu. Badala yenyewe ni nyepesi: pakikusudiwa muda, iandikwe muda wa saa 3, pakikusudiwa wakati, iandikwe saa 3 asubuhi au saa 3 usiku. Mwandishi wa miongozo asiache moja kati ya nyongeza hizo hata kama sentensi inaonekana wazi kwake.

Lipo jambo jingine ambalo mfasiri aliyeko Dar es Salaam huweza kulisahau. Nchi nzima hufuata saa moja, lakini jua halifuati. Tabora iko magharibi ya Dar es Salaam kwa zaidi ya nyuzi 6 za longitudo, na kwa hiyo jua huchelewa huko kwa muda wa dakika 26 hivi. Kwa wastani wa mwaka, jua la Tabora huchomoza karibu saa 12.45 asubuhi na kuchwa karibu saa 12.50 jioni. Anayetafsiri alfajiri kuwa saa 11 anawaamsha watu wa Tabora katika giza nene. Palipoandikwa alfajiri, ibaki alfajiri.

Istilahi katika kazi

Istilahi hujaribiwa kwa kutumiwa. Tuseme mwalimu wa Tabora anataka kuwatembeza wanafunzi 30 mpaka Kwihara, wazuru tembe la Livingstone, ambalo leo ni makumbusho, wapande kimojawapo cha vilima vya jirani, na warudi siku hiyo hiyo. Tuseme pia kwamba urefu wa njia ni kilomita 8 kwenda na 8 kurudi, na kimo cha kupanda ni mita 150.

Kwa kanuni ya Naismith, kwenda kutachukua saa 1 na dakika 51, na kurudi saa 1 na dakika 36. Lakini kanuni hiyo ilikadiriwa kwa watu wazima wenye mazoezi. Mwalimu mwenye busara ataongeza theluthi. Kwenda kutakuwa muda wa saa 2 na dakika 28, na kurudi saa 2 na dakika 8. Akiweka muda wa saa moja na nusu kwa tembe na mapumziko, jumla ni saa 6 na dakika 6. Wakiondoka saa 1.00 asubuhi watarudi saa 7.06 mchana. Hapo ataona mara moja kwamba sehemu ya mwisho ya mwendo itapita katika jua kali, na atajiuliza kama aondoke mapema zaidi au apunguze kituo kimoja. Hiyo ndiyo faida ya kupanga: ugumu huonekana mezani kabla haujaonekana njiani.

Halafu ataweka saa ya kugeuka. Katika mfano huu ni saa 5.00 asubuhi. Saa hiyo ikifika, kikundi hugeuka hata kama kilele kiko mbele ya macho. Istilahi hii ni mpya, lakini imeundwa kwa maneno ya kila siku na mtoto ataielewa. Tumeikataa saa ya kurudi, kwa kuwa hiyo yaweza kufahamika kuwa ni saa ya kufika nyumbani.

Maji atayahesabu kama misafara ilivyohesabu posho. Msafara uligawa kibaba cha nafaka kwa mtu kwa siku. Yeye atagawa lita. Akikadiria lita 3 kwa kila mwanafunzi, ni lita 90, yaani kilo 90, karibu mizigo mitatu ya frasila mbili mbili. Hesabu hiyo itamwonyesha kwamba kila mmoja abebe yake, au yapatikane maji ya kuaminika Kwihara. Neno posho lenyewe sasa humaanisha zaidi fedha anayolipwa mtumishi akiwa safarini, kwa hiyo kwa maji na chakula cha njiani tunapendekeza akiba ya njia.

Mwisho ataacha maandishi kwa mtu anayebaki: njia watakayopita, idadi yao, saa ya kugeuka, saa ya kufika, na jambo la kufanya wasipofika. Karatasi hiyo isiitwe hati ya safari, kwa kuwa hilo ni jina la pasipoti. Tunapendekeza taarifa ya kuaga. Kuaga ni desturi yetu, na hapakosekani mzazi anayemfundisha mtoto wake kwamba asiyeaga hatafutwi mapema.

Mapendekezo kwa muhtasari

Istilahi zinazopendekezwa kwa miongozo ya sasa ni hizi:

(a) kirangozi: mtu aijuaye na aionyeshaye njia;
(b) mkuu wa kikundi: mwenye dhamana juu ya watembezi;
(c) mfunga msafara: anayekwenda nyuma ya wote;
(d) kituo: mahali palipopangwa pa kusimama;
(e) mwendo wa kulala pakavu: mwendo unaohusisha usiku mmoja pasipo maji;
(f) njia ya kuponea: njia salama iliyochaguliwa mapema kwa ajili ya dharura;
(g) saa ya kugeuka: wakati ambao kikundi hugeuka popote kilipofika;
(h) mwinuko, kimo cha kupanda, urefu wa njia: kwa maana zilizoelezwa hapo juu;
(i) akiba ya njia: maji na chakula cha mwendo;
(j) taarifa ya kuaga: maandishi yanayoachwa kwa anayebaki.

Terekeza, mnyapara, na hongo kwa maana yake ya zamani, yabaki katika matini za historia pamoja na maelezo.

Kwa kawaida istilahi hutafutwa kwanza katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha nyingine za nchi, ndipo mtu atoke nje. Mpango huo umetupa maneno mengi mazuri. Ikulu imetoka bara, na ngeli imetoka katika Kihaya. Mfano wa Tabora unaongeza jambo moja: kutafuta ndani ya Kiswahili ni pamoja na kutafuta katika kazi ambazo Kiswahili kilikwisha kuzifanya. Dunia nzima iliazima kwetu neno safari, na katika kuliazima ikalipunguza, hata wengi wakadhani kwamba ni kutazama wanyama kutoka ndani ya gari. Sisi tunajua kwamba safari ilikuwa mzigo, mwendo, maji na kituo. Mfasiri anayepokea mwongozo mpya na aulize maswali manne kabla ya kuandika neno la kwanza: mtu wa nchi hii ataogopa nini, atabeba nini, atamsikiliza nani, na atageuka saa ngapi. Tafsiri itakayoyajibu yote bila utata ndiyo itakayofaa kupewa mwalimu wa skauti aende nayo porini.